Mwili ni Amana

Maiti haulizwi sanda, walisema wahenga. Methali hiyo hutumiwa kumsuta amuulizaye mhitaji kama anahitaji, lakini ndani yake mna swali zito kuliko matumizi yake ya kila siku: asiyeweza kuulizwa, ni nani amsemeaye? Swali hilo humkabili, kila siku ya kazi yake, daktari anayejifunza patholojia.

Patholojia ni elimu ya kuyasoma maradhi katika mwili wenyewe. Aliyekwisha kuhitimu udaktari huanza uanagenzi upya kwa miaka kadhaa, Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza. Hujifunza kupasua maiti ili sababu ya kifo ijulikane. Hujifunza pia kukisoma kinyama kilichotolewa katika uvimbe wa mtu aliye hai: hukihifadhi kwa formalini, hukizamisha katika nta, hukikata utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi, hukitia rangi, kisha huketi na mwalimu wake mbele ya hadubini, wakitazama doa lile lile mpaka jicho la mwanafunzi lione alionalo mkubwa wake. Mwenye kinyama hawamwoni kabisa. Hata hivyo, neno watakaloliandika ndilo litakaloamua kama mama fulani atakatwa titi au atabaki nalo.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Songea alijua kwamba kilichotolewa mwilini mwake kingesafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam kabla ya kupata msomaji. Kichupa kilikwenda na namba. Mwenyewe alirudi nyumbani kungoja. Na hapana shaka mji huo wajua, kuliko miji mingi, maana ya kuingoja sehemu ya mwili iliyokwenda mbali.

Mnamo Februari 1906, Vita vya Majimaji vikiwa havijakwisha, Wajerumani waliwanyonga hapo makumi ya wapiganaji wa Kingoni, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa, na kaburi lake liko peke yake. Wazawa wake wameshikilia, kizazi baada ya kizazi, kwamba kaburi hilo halina kichwa. Kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Waliokusanya mafuvu zama zile hawakuwa wanajeshi tu. Rudolf Virchow wa Berlin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1858 kiliwafunza madaktari wa dunia kuyatafuta maradhi ndani ya seli, alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa mafuvu ya watu wa mataifa mbalimbali. Felix von Luschan, aliyeyarundika maelfu katika makumbusho ya mji huo huo, alisomea udaktari. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba huku palikuwa na elimu na kule palikuwa na ukatili. Mikono ilikuwa ya wasomi, na visingizio vilikuwa vya elimu. Basi ni kipi kinachoutenga uanagenzi wa leo na uporaji ule?

Wengi watajibu upesi: ridhaa. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Mgonjwa hutia saini akiwa na maumivu na hofu, mara nyingi bila kufahamu kwamba kipande cha mwili wake huenda kikawekwa kabatini miaka mingi, wanafunzi wasiozaliwa bado waje kujifunzia. Wengine watasema: jina. Lakini daktari mwema hulificha jina la mgonjwa wake, na kioo kile cha kabatini kina namba tu, kama fuvu la makumbusho lilivyo na namba.

Tofauti imo ndani ya namba zenyewe. Ipo namba inayomsitiri mtu, na ipo inayompoteza. Namba ya hospitali, ikitunzwa inavyopasa, ina daftari nyuma yake, na daftari lina njia ya kumrudia mwenyewe: majibu yatarudi Songea, na yakiwa na kosa atatafutwa. Hiyo ndiyo maana ya amana. Apokeaye amana huruhusiwa kuiweka, pengine hata kuitumia, lakini hana ruhusa ya kuipoteza njia ya kuirudisha.

Njia ikishapotea, kuifukua ni kazi ya majuto. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 ya Afrika ya Mashariki: vipimo vya vinasaba viliwapata jamaa walio hai wa mafuvu matatu tu. Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba radhi. Aliwaambia wazawa wa Songea Mbano kwamba kichwa kitatafutwa, akakiri kwamba hawezi kuahidi kuwa kitapatikana. Radhi ilipokewa; lakini dawa ya deni ni kulipa, na kilicholifanya deni hili liwe gumu kulipika ni kwamba waliochukua hawakuona haja ya kuandika walimchukua nani.

Kwa hiyo mwanagenzi wa patholojia anayelalamika kwamba kujaza daftari ni kazi ya karani, na kwamba yeye alikuja kujifunza maradhi, hajaifahamu kazi aliyoijia. Kuitambua saratani chini ya hadubini ni ustadi, na ustadi Berlin ilikuwa nao tele. Akiandika namba kwa uangalifu, akayafuatilia majibu mpaka yafike mikononi mwa yule anayengoja kule Ruvuma, hapo ndipo amemsemea asiyeulizwa. Mfu hawezi kudai, na mgonjwa aliye mbali huona haya kudai. Amana hurudishwa bila kungoja kudaiwa.