Wa Mwisho Kuingia

Jumatatu ya Mei 30, 2022, kamati ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani, ilitangaza timu 64 za besiboli zitakazowania ubingwa wa taifa. Ya mwisho kupewa nafasi ilikuwa timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho karibu kila mtu hukiita Ole Miss. Siku 27 baadaye, mjini Omaha, timu hiyo hiyo ilinyanyua kombe.

Hadithi za namna hii husimuliwa kwa haraka, kisha hubandikwa funzo: usikate tamaa, utafika. Sina ugomvi na funzo hilo. Lakini linaruka swali ambalo naliona gumu zaidi, nalo halihusu besiboli peke yake. Je, walistahili?

Tuanze na msimu wenyewe. Mwezi Machi Ole Miss walikuwa wa kwanza katika viwango vya taifa. Kufikia mwanzoni mwa Mei walikuwa wameshinda michezo 7 tu na kupoteza 14 katika ligi yao ya SEC, na baadhi ya mashabiki walitaka kocha Mike Bianco, aliyekuwa na timu tangu msimu wa 2001, aondolewe. Nahodha wao, Tim Elko, alikuwa mtu ambaye mwaka uliotangulia alichanika kano ya goti, akarudi kucheza msimu ule ule. Polepole wakaanza kushinda tena. Hata hivyo, siku majina yanatangazwa walikuwa na ushindi 32 na vipigo 22, na katika mashindano ya ligi yao walikuwa wametolewa katika mchezo wa kwanza. Kuachwa nje kusingemshangaza mtu.

Wakaingia, na kuanzia hapo wakacheza michezo 11 wakapoteza mmoja tu. Walishinda mitatu kule Coral Gables. Wakaenda Hattiesburg, wakaifunga Southern Miss mara mbili bila kuruhusu hata pointi moja. Omaha wakaitoa Arkansas kwa mchezo wa 2 kwa 0, ambao mrushaji wao Dylan DeLucia aliucheza peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fainali waliifunga Oklahoma 10 kwa 3, kisha 4 kwa 2. Lilikuwa taji la kwanza la taifa la besiboli katika historia ya chuo hicho.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka huo huo Tennessee walishinda michezo 57 na kupoteza 9. Waliingia kwenye mashindano wakiwa namba moja kati ya timu zote 64. Raundi ya pili, wakiwa nyumbani kwao Knoxville, Notre Dame waliwashinda michezo miwili kwa mmoja, na safari ikaishia hapo. Ukimuuliza mtu aliyefuatilia msimu mzima timu gani ilikuwa bora mwaka 2022, wengi watasita kabla ya kutaja jina la bingwa.

Besiboli ni mchezo unaolazimisha kusita huko. Mpigaji akifanikiwa kuupiga mpira salama mara 3 katika kila 10, huyo ni mpigaji mzuri. Kushindwa mara 7 ni sehemu ya uzuri wake. Tuchukue timu iliyo bora kuliko mpinzani wake kiasi kwamba katika kila michezo 10 ingeshinda 6. Wakikutana katika michezo mitatu, atakayeshinda miwili asonge mbele, hesabu inasema timu bora itasonga mara 65 tu katika kila 100. Mara 35 zilizobaki itarudi nyumbani, bila kuzembea na bila kuonewa. Ni hesabu tu.

Na fainali yenyewe ilionyesha hivyo. Katika mchezo wa pili, mrushaji wa Oklahoma, Cade Horton, aliwatoa wapigaji 13 kwa mirusho yake bila wao kuugusa mpira vya kutosha, rekodi ya michezo ya fainali. Kufika awamu ya nane Oklahoma walikuwa wakiongoza 2 kwa 1. Ole Miss wakasawazisha kwa pigo safi. Kisha mirusho miwili ya mrushaji aliyempokea Horton ikapotea mbali na mdakaji, na kila mmoja ukaleta pointi. Hivyo ndivyo ubingwa ulivyopatikana: kwa pigo moja zuri na mipira miwili iliyotoroka.

Kwa hiyo, walistahili? Mwanafalsafa Joel Feinberg, katika makala yake ya 1963 kuhusu haki na kustahili, alitenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo yetu huyachanganya. Kuna kuwa na haki ya tuzo, na kuna kuistahili. Haki ya tuzo hutokana na kanuni: aliyefunga pointi nyingi ndiye mshindi, basi. Kustahili hutokana na sifa za mtu mwenyewe: ubora wake, juhudi yake. Mara nyingi viwili hivi hutembea pamoja, ndiyo maana hatuvitofautishi. Mwaka 2022 vilitengana hadharani. Haki ya Ole Miss juu ya kombe haina doa; hakuna kanuni waliyovunja na hakuna mchezo waliopewa. Lakini kombe halithibitishi kwamba wao ndio waliokuwa bora, kwa sababu mashindano ya mtoano hayakuundwa kupima hilo. Yameundwa kumpata mshindi.

John Rawls, ambaye naye aliipenda sana besiboli, ana wazo linalosaidia hapa. Katika kitabu chake cha 1971 kuhusu haki anaeleza kwamba kuna hali ambazo hatuna kipimo cha matokeo ya haki nje ya utaratibu wenyewe. Utaratibu ukiwa wa haki na ukifuatwa, matokeo ni ya haki, yawe yoyote. Mfano wake ni kamari isiyo na udanganyifu. Mashindano ya Omaha yanakaribia sana hali hiyo. Tennessee hawakudhulumiwa. Walikubali utaratibu, na utaratibu ukawatupa.

Ningeweza kuishia hapa, lakini kuna jambo Rawls hanitulizi. Mashindano yana utaratibu ulio wazi. Je, mlango wa kuingilia? Nafasi ya 64 haikupatikana uwanjani. Ilitolewa na watu waliokaa kwenye meza, wakilinganisha timu ambazo karibu hazina tofauti. Miongoni mwa walioachwa walikuwa North Carolina State. Siku moja kabla ya majina kutangazwa, timu hiyo ilikuwa imecheza fainali ya ligi yake ya ACC na kushindwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, walikuwa Omaha, wakihitaji ushindi mmoja tu kufika fainali ya taifa. Wakacheza mchezo mmoja na wachezaji 13 tu kwa sababu ya UVIKO, wakapoteza, na usiku ule ule, kuamkia Juni 26, 2021, NCAA ikawaondoa kabisa. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ile ile, Ole Miss wakawa mabingwa.

Waswahili husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ni kweli, mara nyingi. Ila methali hiyo husimuliwa na aliyepata kitoweo. Upwa ule ule una watu waliogaagaa tangu alfajiri na jioni wakala wali mkavu, na hakuna anayewauliza waligaagaa vipi.

Nina sababu ya kulifikiria hili. Niliingia katika shahada ya uzamili kupitia orodha ya akiba. Mmoja wa waliochaguliwa kabla yangu hakufika kusajiliwa. Tangu hapo nimefanya vizuri, na watu wanaonipenda husema hiyo ni ishara kwamba nilistahili tangu mwanzo. Sikubaliani nao. Kufanya vizuri kwangu kunaonyesha kwamba nilikuwa na uwezo. Hakuonyeshi chochote kuhusu aliyenifuata kwenye orodha ile, ambaye hakupewa nafasi ya kuonyesha. Vivyo hivyo, ubingwa wa Ole Miss ulithibitisha kwamba kamati haikukosea kuwaingiza. Haukuthibitisha kwamba ilipatia kuwaacha wengine.

Mtu anaweza kunijibu: ukiendelea hivyo, hakuna anayestahili chochote. Hata kipaji ni bahati, hata kocha mvumilivu ni bahati. Hoja hii ni nzito, lakini inafuta tofauti tunayoiona kwa macho. Bahati ilileta nafasi ya 64. Haikumrushia mpira DeLucia. Timu iliyokata tamaa ikiwa na ushindi 7 na vipigo 14 isingeweza kuitumia nafasi ile hata ingepewa mara kumi. Juhudi hainunui bahati. Inachofanya ni kukuweka katika hali ambayo bahati ikija haikuti umelala. Sifa za Ole Miss ziko hapo: katika wiki zile za Mei ambazo hakuna aliyekuwa akiwatazama kwa matumaini, walipoendelea kufanya mazoezi bila kujua kama kutakuwa na Juni.

Basi aliyeingia wa mwisho akashinda anadaiwa nini? Sidhani anadaiwa aibu, wala kurudisha kombe. Nadhani anadaiwa kujisimulia kwa ukweli: nilijiandaa, na pia mlango uliachwa wazi kidogo. Sentensi hiyo ina sehemu mbili, na mafanikio hutushawishi tuifute ya pili. Tukishaifuta, tunaanza kuwatazama walioachwa nje kama watu waliokosa bidii, na siku tutakapokaa sisi kwenye meza ya kuchagua, wa waajiriwa, wa wanafunzi au wa wachezaji, tutaamini kwamba mstari tunaouchora kati ya wa 64 na wa 65 unatenganisha wanaostahili na wasiostahili. Mstari huo lazima uchorwe mahali fulani, maana nafasi zina mwisho. Lakini anayeuchora akijua kwamba ni mstari tu, atamwandikia wa 65 barua tofauti.