Nafasi Mbili Baada ya Nukta

Desemba iliyopita nilikuwa likizo nyumbani Kitete, Tabora, na mama yangu akanipa flashi. Ndani yake kulikuwa na faili moja la kurasa 52: historia ya ukoo wetu, aliyoiandika mwenyewe tangu alipostaafu. Yumo babu yake aliyekuwa mpagazi wa misafara, yumo baba yake aliyefanya kazi reli, wamo shangazi zake na vituko vyao. Alitaka niipitie "kama unavyopitia za watu huko kazini kwako", kisha niipeleke steshenari ichapwe, wajukuu wapewe siku ya mwaka mpya.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni kuhariri makala za wengine. Nilifungua faili, na kabla sijasoma hata aya moja macho yakaona lile jambo. Baada ya kila nukta, nafasi mbili. Kurasa zote. Nikafanya ninachofanya kila siku: tafuta nafasi mbili, weka moja, badilisha zote. Kompyuta ikanijibu kwamba imebadilisha mahali 1,146. Kusema kweli nilijisikia vizuri, kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Jioni Mama akakaa barazani na nakala yake. Akafunua kurasa mbili tatu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mbona umeyabana, baba?"

"Nimebana nini, Mama?"

"Maneno. Hayana pa kupumulia."

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri sana, yaani kama mtaalamu aliyealikwa redioni. Kwamba kwenye taipureta kila herufi ilipewa chumba cha upana uleule, i nyembamba na m nene zote sawa, kwa hiyo ukurasa mzima ulijaa vipengo na ilibidi mwisho wa sentensi uonyeshwe kwa pengo kubwa zaidi. Kwamba kompyuta humpa kila mmoja kwa unene wake, hivyo nafasi moja inatosha. Kwamba tangu mwaka 2020 hata programu ya Word huzipigia mstari nafasi mbili kuwa ni kosa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Pale chuoni ukisahau nafasi moja baada ya nukta, unakatwa alama. Mimi sikukatwa. Sasa niambie wewe msomi. Zile alama nilizipata kwa kukosea?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kufunga kuku. Ninaandika hapa kwa sababu sijalipata vizuri hadi leo.

Mama alisoma Chuo cha Uhazili Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu mwaka 2000 chuo hicho kimekuwa tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, lakini wenyeji wengi bado wanakiita Uhazili. Kama uliwahi kuandikia ofisi ya serikali zama hizo, si ajabu jibu lako lilichapwa na mtu aliyepita pale. Mama anasimulia chumba cha taipureta kama wengine wanavyosimulia jeshi: herufi za mashine zimefunikwa ili vidole vijifunze bila macho, mwalimu anapiga rula mezani, darasa zima linagonga kwa mwendo mmoja. Nukta, gonga, gonga, herufi kubwa. Ukikosea mwisho wa ukurasa hakuna kufuta kwa siri, maana chini ya karatasi yako kuna kaboni na nakala nyingine mbili au tatu. Unachomoa, unaanza upya.

Kwa hiyo zile nafasi mbili hazimo kichwani mwake kama kanuni. Zimo kwenye kidole gumba cha kulia. Ukimwambia aache, atakuitikia kwa heshima zote, na kidole kitagonga mara mbili.

Baada ya ule usiku nilianza kuchimba, nikiwa na tumaini la kichini-chini la kukuta kwamba nilikuwa sahihi. Nilichokuta hakikunisaidia sana. Ile habari niliyompa Mama kuhusu taipureta ni kweli nusu. Wachapaji vitabu wa Uingereza na Marekani wa karne ya 19, wakipanga herufi za risasi kwa mkono, tayari walikuwa wakiweka pengo kubwa kati ya sentensi kuliko kati ya maneno, taipureta ikiwa haijaingia ofisini. Wafaransa wao waliridhika na pengo moja. Wapiga taipu waliwaiga wachapaji wao, kisha katika karne ya 20 wachapaji wakalipunguza lile pengo taratibu, na wapiga taipu wakabaki nalo. Yaani mwanafunzi alibaki darasani baada ya mwalimu kuondoka.

Wakubwa wa kanuni nao hawakutulia. Mwongozo wa APA, ambao wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wanaujua kwa machozi, katika toleo la 2009 ulipendekeza nafasi mbili kwa miswada. Toleo la 2019 likasema moja. Miaka kumi tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo cha Skidmore huko Marekani waliwafuatilia wanafunzi 60 kwa kifaa kinachosoma mwendo wa macho. Wakaona nafasi mbili zinaharakisha usomaji kwa kiasi kidogo sana, hasa kwa wale waliokuwa tayari wamezoea kuziandika, na kwamba uelewa haubadiliki. Na maandishi ya jaribio lenyewe yalikuwa kwa Courier New, mwandiko wa kompyuta unaoiga taipureta! Hebu fikiria.

Na mtandaoni ubishi wenyewe hauna hata pa kusimama. Kivinjari kikikuta nafasi mbili zimefuatana, kwa kawaida hukunja zikawa moja. Hata kama insha hii ingechapwa na Mama, usingejua.

Sasa, mimi si mtu wa kulilia ya kale. Nafasi moja ninaipenda, ukurasa unatulia, na gazeti lina uhaba wa karatasi. Simtetei Mama kwa sababu ni mama. Kinachonisumbua ni kitu kingine: kanuni ya aina hii inapobadilika, anayegeuka kuwa mkosaji ni yule aliyeitii. Mtu ambaye hakuwahi kusomea taipu, anayegonga kwa vidole viwili na kuacha nafasi moja kwa sababu hajui kama kulikuwa na nyingine, huyo leo yuko sahihi bila jasho. Aliyefanya mazoezi mpaka kidole kikakomaa ndiye anayepigiwa mstari.

Katika kile kijitabu cha Mama kuna ukurasa kuhusu babu yake mpagazi. Wanyamwezi wa kazi ile walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kutoka huku hadi pwani na kurudi, na ilikuwa kazi ya ujira yenye ufundi na majivuno yake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na ufundi ule ukakosa mteja. Mama anaandika kwamba babu yake mpaka uzeeni alifunga hata kuni za jikoni kwa fundo la msafara, na kwamba watoto waligombania kulifungua. Nilipolisoma fundo lile (sasa nikisoma kweli, si kufagia) niliona tofauti. Treni ilimpita yule mzee, lakini haikumwambia kwamba fundo lake ni kosa. Ujuzi wake ulikosa kazi tu. Wa mjukuu wake umewekewa alama ya kosa, na aliyeiweka ni mwanawe.

Mtu ataniambia: ndugu, sababu ya kanuni imekufa, kanuni nayo izikwe. Nilikuwa naamini hivyo. Lakini tazama shikamoo. Inaelezwa kwamba chanzo chake ni kusema nimeshika miguu yako, na wengine huihusisha na unyonge wa mtumwa mbele ya bwana. Leo nani anayemshika nani miguu? Sababu ilikufa zamani, ila mpite mzee wa Kitete asubuhi bila kuisema uone. Neno limepata kazi nyingine, nayo ni kumwambia mtu kwamba umemwona. Basi kufa kwa sababu peke yake hakutoshi kunipa ruhusa. Lazima niulize pia kile kitu kinafanya kazi gani sasa, na kwa nani.

Na kuna waliotutangulia ambao hawakuwa na nukta wala nafasi mbili. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizopita hapa Unyanyembe na misafara, kwa kawaida hazikuwa na alama ya kufunga sentensi. Msomaji alijua pa kupumzika kwa kuwa lugha yenyewe ilimwambia. Basi. Hata. Kisha. Ikawa. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa nafasi mbili za babu zetu. Tippu Tip, ambaye Tabora ilikuwa njia yake, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kilatini, zikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ukigeuza maandishi ya namna hiyo lazima uamue mwenyewe sentensi inakoma wapi. Tunaposema Tippu Tip alitua hapa na kuanza tena pale, aliyetua inawezekana ni mhariri. Nami ndicho nilichokifanya mara 1,146, tena bila kusoma.

Siku ya tatu Mama mwenyewe alilirudia lile jambo. Tulikuwa tunachambua mchele.

"Kuna binti mmoja alikuja ofisini kwetu, amejifunzia kazi mitaani tu," alisema. "Anaweka nafasi moja. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa wao. Nikamrudishia barua. Akaleta, nikarudisha. Mara ya tatu akalia."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia akalie nje, machozi yasidondokee kaboni."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Barua ilikuwa ya kuomba saruji," akasema. "Mifuko kumi, sijui kumi na mbili. Ingesomeka tu vilevile. Sasa na wewe unasema yule binti ndiye alikuwa sahihi."

"Sikusema hivyo, Mama."

"Umesema. Hujamtaja tu kwa sababu humjui."

Hapo ndipo swali lake la kwanza lilipopata uzito wake. Alikuwa haulizi kuhusu alama za chuo. Alikuwa anauliza kuhusu yule binti. Kama nafasi mbili zilikuwa sahihi kweli, basi alikuwa mkali kwa haki. Kama zilikuwa mazoea tu ya zama, alimliza mtoto wa watu kwa ajili ya hewa. Nilijaribu kumpa njia ya katikati, kwamba kanuni huwa sahihi mahali pake na wakati wake, kati ya watu waliokubaliana. Bado naona ni kweli. Alijibu kwamba yule binti hakuwa amekubaliana na mtu, alikuwa anatafuta ugali.

Nikanyamaza, maana nami nina wangu. Miaka michache iliyopita kulikuwa na mwalimu mstaafu aliyekuwa akituletea makala kuhusu methali na historia za vijiji. Makala safi, zenye nafasi mbili kila nukta. Siku moja, nikiwa na haraka na wenzangu wakicheka nyuma yangu kwamba mzee ametuma telegramu, nilimwandikia: "Mzee, siku hizi nafasi moja inatosha, tafadhali zingatia." Shikamoo sikuweka. Alijibu kwa ujumbe mrefu wa kuomba radhi, akiniita mwanangu, akieleza alivyofundishwa na mwaka aliofundishwa. Makala yake iliyofuata haikuja. Huenda aliugua, huenda alichoka tu na sisi. Kilichonichoma barazani ni kwamba kuzitoa zile nafasi kungenichukua muda mfupi kuliko kuandika ule ujumbe. Sikuwa nahitaji ajue. Nilitaka ajue.

Siku hizi makala ikija na nafasi mbili ninazitoa kimyakimya na simwambii mwenyewe. Mhariri mwenzangu anasema huo ni unafiki, mtu ana haki ya kujua gazeti linataka nini. Pengine. Ila ninajiuliza kwanza kama ninachosahihisha kinamkwaza msomaji au kinaniudhi mimi.

Mama sasa ana simu ya kugusa, na amegundua kitu kilichomfurahisha mno: ukigonga nafasi mara mbili mwisho wa neno, simu inaweka nukta yenyewe. "Aliyeitengeneza hii amepita Uhazili," aliniambia. Wajukuu wanalalamika kwamba nukta zake zinawafanya wadhani amekasirika, kwa maana wao hawaweki kabisa. Nilipomuuliza kama nikichape upya kijitabu kwa nafasi zake, alifikiri kidogo, akasema wajukuu wabaki na hicho kilichobanwa, wameshazoea kubanwa. Lakini yeye achapiwe nakala moja kutoka kwenye flashi, kama alivyoandika. Nimeichapa. Imezidi kurasa mbili.

Namba ya yule mwalimu bado ninayo. Jumatatu nilimwandikia, safari hii nikianza na shikamoo, nikamwomba makala. Ujumbe umefika, haujasomwa.