Mshahara ni Deni, Si Chambo

Wasomaji wa Biblia wa Kaaga, ambako Wamethodisti wamehubiri kwa zaidi ya karne moja, wanamjua akida wa Kapernaumu. Alimweleza Yesu kwamba askari wake humtii, ila alianza kwa kukiri kuwa naye yuko chini ya mamlaka. Hakutaja mshahara wala viboko. Wanauchumi hushika njia nyingine: mkubwa hawezi kumchunga mdogo kila saa, basi ampangie tuzo na adhabu hadi faida ya askari ilingane na shabaha ya jeshi. Hesabu hiyo hukwama pale mtu anapoamriwa kwenda kufa, kwa kuwa maiti haipokei mshahara.

Januari 1964 ilitupa ushahidi. Tarehe 20 askari wa Tanganyika waliasi kambini Colito, Dar es Salaam. Tarehe 23 wakaasi wa Jinja, Uganda. Tarehe 24 wa Lanet, Nakuru, nchini Kenya. Kilio chao kilifanana: mishahara midogo na maofisa Waingereza juu yao. Uganda ilipandisha mishahara, Kenya ikawapeleka waasi mahakama ya kijeshi, Rais Nyerere wa Tanganyika akalivunja jeshi na kuunda jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Askari wa Jinja walijifunza kwamba bunduki ikiinuliwa, hazina hufunguka; Januari 1971 jeshi la Uganda likampindua Rais Obote. Nchini Kenya, adhabu ya Lanet haikuzuia jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982.

Mtu atasema njaa haina utii, na kwamba madai ya 1964 yalikuwa ya haki. Kweli yalikuwa ya haki, na ndiyo sababu yalipaswa kulipwa mapema, kama deni. Malipo yanayongoja bunduki hugeuka chambo, na samaki wa chambo humfuata yeyote mwenye ndoana. Mwingine atasema hata Tanzania, iliyounda jeshi lake upya, iligundua njama ya mapinduzi mwaka 1983. Sikatai, hakuna mpango unaoing'oa tamaa yote. Lakini mtazame Field Marshal Musa Mwariama wa Meru, kamanda wa Mau Mau aliyebaki msituni hadi uhuru wa Desemba 1963, ingawa wakoloni waliwaahidi msamaha waliojisalimisha. Vijana wake hawakuwa na mshahara. Walifungwa na kiapo. Kiapo hicho kilikuwa na hofu yake, sibishi, ila kilimfunga kamanda sawasawa na kijana aliyemtekea maji. Akida wa Kapernaumu angelielewa jeshi hilo.