Kutenda, Kutendwa, Kutendeka

Watu wanaposikia kwamba kila Jumamosi ninakwenda gerezani kufundisha Kiswahili na hesabu, bila malipo, hawaniulizi ninafundishaje. Wananiuliza kwa nini. Swali huja kwa upole, lakini lina mwiba: mtaani kwenu kuna watoto wangapi waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, nawe unampelekea elimu ya bure mtu aliyeua?

Sehemu ya karo ndiyo rahisi. Karo ya mtoto wa jirani haikuliwa na mfungwa. Tena nikiwauliza wanafunzi wangu waliachia shule wapi, wengi hutaja darasa la saba au kidato cha pili, na sababu ni ile ile ya mtoto wa jirani. Mara nyingi tunaowashindanisha ni mtu mmoja katika miaka tofauti ya maisha yake.

Sehemu ya "mtu aliyeua" ndiyo ngumu, na jibu linalotolewa haraka ni la faida: mfungwa aliyesoma akitoka atapata kazi, hatarudia uhalifu, nasi tutalala salama. Silipingi. Lakini darasani kwangu yumo mzee mwenye kifungo cha maisha. Alikuja hajui kusoma. Sasa anawaandikia wanawe barua kwa mkono wake mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kumsomea mwenzake maneno ya siri ili amwandikie. Huenda asitoke kamwe. Tukimpima kwa jibu la faida, kalamu aliyopewa imepotea bure. Mimi nimeiona barua hiyo, na siwezi kusema imepotea.

Jibu la pili ni la mashujaa. Abdilatif Abdalla alifungwa kati ya 1969 na 1972, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Nchini Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Yeye na mamia ya wenzake walipeleka kesi iliyoishia Mahakama ya Juu mwaka 2009, ikaamuliwa kwamba majaji wasilazimishwe na sheria kutoa hukumu ya kifo. Akiwa gereza la Luzira alisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London kwa masafa, na mwaka 2016 akaachiliwa. Ninazipenda habari hizi na wanafunzi wangu pia wanazipenda. Hata hivyo, tukizitegemea kama hoja, tunasema chinichini kwamba mfungwa anastahili daftari iwapo tu atageuka nyota. Wengi wetu tulio nje hatukugeuka nyota, na hakuna aliyetunyang'anya madaftari.

Sheria haisubiri mashujaa. Ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezi kutekelezwa pamoja na kufungwa kwake. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka wasiojua kusoma na wafungwa vijana wafundishwe kwa lazima. Maana yake ni kwamba adhabu ni kunyimwa uhuru. Ujinga haukuwa sehemu ya hukumu.

Lakini Katiba hailii usiku. Shangazi yangu analia. Mwanawe aliuawa na majambazi akiwa kidato cha tatu. Aliposikia ninakokwenda Jumamosi aliniambia, "Wewe unawafundisha wao. Wangu hakumaliza shule." Sikumjibu. Sidhani kuna neno ambalo ningemwambia pale likamtosha, na ninaishuku hoja yoyote inayodai kwamba ingeweza.

Nimekaa na maneno yake muda mrefu. Ninavyomfahamu shangazi, hamtaki muuaji wa mwanawe abaki mjinga. Anataka ajue alichokifanya; alijue jambo hilo kwa jina lake. Na hilo, kwa bahati, liko karibu na somo ninalolifundisha.

Kiswahili kina kauli za vitenzi. Nimevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa na mimi. Kikombe kimevunjika. Katika sentensi ya tatu hakuna aliyevunja. Kikombe kimejiendea chenyewe. Tulipoandika insha za maisha yetu, ukurasa baada ya ukurasa ulijaa kauli ya kutendeka: ugomvi ulitokea, kisu kikaonekana, mtu akaumia. Sikumsahihisha yeyote, kwa sababu kisarufi hakukuwa na kosa. Wiki iliyofuata tulirudia kauli zote ubaoni kwa mifano ya vikombe na madirisha. Kijana mmoja aliomba daftari lake, akafuta mstari mmoja, akaandika: nilimchoma kisu. Kisha akafunika daftari kwa mkono asilione jirani yake.

Sidai kwamba sarufi husafisha moyo. Wapo wanaojifunza kauli zote na kubaki walivyokuja. Ninachosema ni kidogo zaidi. Tunapomwadhibu mtu, tunamwambia kwamba yeye ni mtendaji, anayeweza kuulizwa na kujibu. Ng'ombe akiua hatumpeleki mahakamani. Basi hatuwezi kumhukumu mtu kwa sababu ni mtendaji, halafu tukamnyima lugha ya kusemea kitendo chake. Kumfundisha hakupunguzi hukumu hata siku moja. Kunampa uwezo wa kuibeba akijua ni yake.

Sijamweleza shangazi haya yote. Labda siku moja ataniuliza mwenyewe. Mpaka wakati huo ninakubali kwamba ana haki ya kununa kila ninapobeba begi langu la chaki, nami ninaendelea kwenda.