Uhura na Maadili ya Burudani

Je, ni halali kuifurahia kazi ya sanaa iliyoahidi zaidi ya ilivyotimiza? Swali hili humkabili shabiki wa Star Trek, tamthilia ya kisayansi ya televisheni iliyoonyeshwa Marekani kati ya 1966 na 1969, katika vipindi 79. Ndani yake, binadamu wa rangi mbalimbali huhudumu pamoja katika chombo kimoja cha angani. Hata hivyo, Luteni Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu 'uhuru', mara nyingi huachiwa kupokea na kupeleka ujumbe tu, ilhali maamuzi hutolewa na wanaume. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia kwamba alikusudia kujiuzulu, naye Martin Luther King akamsihi abaki.

Yamkini mhakiki atadai kuwa starehe ya namna hii ni kujidanganya. Dai hilo halina mashiko. Shabiki makini huliona pengo baina ya ahadi na utekelezaji, na pengo hilo humuuma kwa kuwa ameipenda ahadi yenyewe. Kufurahia kwake, basi, si kusamehe. Ni kuendelea kudai deni ambalo asiyeipenda kazi hiyo angekwisha kulisahau.