Je, Ukarimu Hununuliwa?

Kabla basi halijafika, dereva alituambia tuchague chifu wetu. Tulikuwa wanafunzi wa nchi mbalimbali katika safari ya Rotorua, mji wa New Zealand unaonuka kiberiti tangu unaposhuka kwenye gari. Asubuhi tulikuwa tumeiona Pohutu, chemchemi ya maji yanayochemka ambayo huruka hadi mita 30, na sasa tulikuwa tunakwenda kwa Wamaori, tiketi mkononi, chakula kikiwemo. Tukamsukuma mbele kijana mmoja mpole, tukadhani ni mzaha.

Langoni akatokea kijana wa Kimaori na mkuki, macho ameyatoa, ulimi nje, akaweka jani chini. Desturi hiyo huitwa wero: mwenyeji anamuuliza mgeni, umekuja kwa amani au kwa vita? Mgeni akiliokota jani amejibu kwamba ni amani. Chifu wetu akainama kuliokota, na katika mstari wetu mtu akacheka. Namjua aliyecheka, ni mimi.

Usiku ndani ya basi nilimwambia mwenzangu kwamba naona haya. Akanijibu, "Usijisumbue, ndugu. Ile ni biashara. Wamelipwa."

Ndugu msomaji, jibu hilo si jepesi. Ni kweli wamelipwa, na kesho watamkaribisha mwingine kwa maneno yaleyale. Lakini mwalimu wangu wa madrasa naye alipokea posho kila mwezi, na sikuwahi kusema kwamba Fatiha aliyonifundisha ni ya bandia. Tena Wamaori wa Rotorua hawakuanza jana. Katika karne ya 19 watu wa Tuhourangi walikuwa wakiwaongoza wageni kwa malipo kwenda kutazama matuta ya mawe ya waridi na meupe kando ya ziwa Rotomahana. Tarehe 10 Juni 1886 mlima Tarawera ukalipuka, ukaua zaidi ya watu 100, ukafukia vijiji na matuta yenyewe yakapotea. Wengi walionusurika walihamia Whakarewarewa, na huko wakaendelea kuongoza wageni. Mpaka leo kuna familia zinazoishi pale, zikipika kwa mvuke wa ardhi. Watu waliopoteza vyote namna ile wakabaki na moyo wa kumpokea mgeni, mimi ni nani niwaambie kwamba wanaigiza?

Kasoro ya tiketi naiona upande wetu. Aliyelipa hudhani amemaliza wajibu wake. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe tulipewa langoni, lile jani, na mimi nikalichukulia kuwa sinema.

Dada mmoja katika kundi letu aliielewa kazi yake. Ulipofika wakati wa hongi, salamu ya kugusanisha pua, alimwekea mzee wa Kimaori mkono kifuani mwake mwenyewe, akainama kidogo. Mzee naye akaweka mkono kifuani, akainama zaidi. Sura An-Nisaa, aya ya 86, inatuagiza kuirudisha salamu kwa iliyo bora zaidi au mfano wake, na nikaona aliyeitimiza vizuri kuliko sote ni yule mzee. (Nyama ya kwenye tanuri la shimoni hatukuigusa. Tulikula viazi vitamu, na vilikuwa vitamu kweli.)

Lakini kilichonichoma hasa ni kumbukumbu. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 walipigwa risasi hadi kufa katika misikiti miwili ya Christchurch. Siku zilizofuata, nikiwa nyumbani Buyenzi, nilitazama kwenye simu wanafunzi wa kule wakiwapigia haka marehemu wetu: macho yaleyale, miguu ikipiga chini vilevile. Hakuna aliyekata tiketi. Nililia. Ndilo jambo nililokuja kulicheka langoni mwao.

Nilikuwa nimemtafuta yule kijana kabla hatujaondoka. Alikuwa nyuma ya jiko, amevaa jaketi, anafuta rangi usoni. Nikamwambia aliyecheka nilikuwa mimi.

"Nilikuona," akasema. Kisha akaniuliza kama nimeshiba.