Homoni na Asili ya Ngege

Ngege wa kufugwa katika mabwawa na vizimba vya Ziwa Victoria, kutoka Kisumu hadi Siaya na Homa Bay, huanguliwa kabla jinsia ya mwili wake haijakamilika. Kromosomu zimekwisha kupangwa, XX kwa jike na XY kwa dume, lakini tezi za uzazi bado zinaweza kuwa ovari au korodani. Vituo vingi vya kuzalisha vifaranga hutumia nafasi hiyo: huwalisha chakula chenye homoni ya methiltestosteroni kwa wiki tatu au nne, na karibu wote huwa madume. Dume hukua upesi. Jike hutamia mayai mdomoni bila kula, na bwawa hujaa samaki wadogo wasiouzika.

Ni nini basi kilichomfanya samaki wa XX kuwa dume? Jibu jepesi ni homoni, lakini utendaji wake wenyewe hauliungi mkono jibu hilo. Methiltestosteroni ni steroidi; huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya utando wa seli. Ndani hushikana na kipokezi, protini yenye umbo linalolingana nayo, kisha kipokezi hicho hushika sehemu maalumu za DNA, na jeni fulani huanza kufanya kazi au hunyamaza. Homoni nyingine, kama insulini, haziingii; huishia kwenye kipokezi kilicho juu ya utando, na molekuli nyingine hupokezana ujumbe ndani. Kwa njia zote mbili, seli isiyo na kipokezi haijui kwamba homoni imepita. Kwa binadamu, testosteroni ileile huotesha ndevu kidevuni na kujenga misuli mkononi, kwa kuwa kila seli huisoma kwa namna yake.

Mwanafalsafa Aristotle alitenganisha kile ambacho kitu kinaweza kuwa na kile kilichokwisha kuwa. Kwa mtazamo huo, udume ulikuwamo katika kifaranga cha XX kama uwezekano. Anayesema kwamba mfugaji amegeuza maumbile ana hoja nzito, ila maji ya joto la nyuzi 36 hivi nayo huweza kuwafanya baadhi ya majike kuwa madume. Kugeuka ni sehemu ya maumbile ya samaki huyu. Hilo halimwondolei mfugaji wajibu: maji ya kituo yasipeleke homoni kwa samaki wa ziwani, wenye vipokezi vilevile.

Na kromosomu za XX hazikufutwa. Dume wa XX ni dume kwa kweli, hutoa manii na kurutubisha mayai. Lakini akipandishwa na jike wa kawaida, karibu watoto wote huwa majike, kwa sababu hakuna Y ya kurithi.